Sajini wa Bwawa la Kambi

Watu wa mjini wakisikia naishi kambi ya polisi, huniuliza kwanza habari za unipoti, yale mabanda ya mabati ya mviringo tunayolala ndani yake. Je, ni kweli mchana yanawaka kama jiko, na mvua ikinyesha humsikii mume wako anasema nini? Ni kweli. Mama Achan, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, husema hiyo ya pili ndiyo faida yenyewe. Lakini mimi nikishawajibu hayo, huwaambia habari za bwawa. Sisi tuna maji, nawaambia, tuna boti, tuna korongo wenye taji kichwani, na tulikuwa na Sajini. Hapo ndipo wanaacha kucheka.

Niliishia darasa la saba na Kiswahili changu ni cha kambi, kwa hiyo haya ninayoandika yapokeeni polepole. Niliyoyaona nitasema nimeona. Niliyosikia nitasema nimesikia. Jina lake siliandiki kwa sababu hakuna aliyelitumia. Hata mke wake alimwita Sajini, tena mbele ya wajukuu.

Bwawa letu si la Mungu. Hapo mwanzo palikuwa na kijito na tope la kufyatulia matofali. Kambi ilipojengwa, wakachimba, wakapandisha tuta la udongo upande wa chini, maji yakajaa. Yalikuwa maji ya kuzima moto na kuosha magari tu. Mambo ya boti na kuogelea, na Jumapili familia kukaa kwenye majani na chakula chao, hayo yalikuja baadaye, na mengi yalikuja na yeye. Mgeni akisema, "Ziwa lenu ni zuri," Sajini alimkata hapo hapo.

"Ziwa iko Ggaba. Hii ni bwawa. Hii tulichimba."

Siku moja nikamuuliza alichimba lini. Kumbe hakuchimba! Alihamishiwa kwetu kutoka kikosi cha majini wakati matete yamekwisha kumea na vyura wamezeeka humo ndani.

"Sasa Sajini, mbona unasema tulichimba?"

"Nani alichimba?"

"Polisi."

"Na mimi ni nani?"

Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa uongo au haukuwa.

Asubuhi alizunguka tuta lote na reki aliyoifunga kwenye ufito mrefu wa mwanzi, akivuta buveera, ile mifuko ya plastiki inayoletwa na mvua kutoka barabarani. Alivaa kaptura iliyokuwa suruali ya sare, na filimbi shingoni. Filimbi hiyo sikuwahi kusikia akiipuliza. Sauti yake ilitosha. Mtu wa boda aliyeingiza pikipiki yake ukingoni kuiosha alinyang'anywa ufunguo, akaambiwa achote maji kwa jerikeni, apande nayo juu mpaka karibu na geti, aoshe huko. Akapanda mara nyingi, jasho linamtoka. Alipomaliza, Sajini akamrudishia ufunguo na kumwambia, "Asante kwa kutembelea bwawa letu," kwa adabu kabisa, kama mtu wa hoteli za matajiri kule Nakasero. Yule kijana hakujua acheke au alie.

Nimtendee haki na upande wa pili pia. Alikuwa na mdomo mkali. Niliona mama mmoja aliyekuwa akifundishwa kuogelea akitoka kwenye maji analia kwa sababu ya maneno yake, na hakurudi tena, na Sajini hakumfuata kumtuliza. Alisema atarudi mwenyewe. Hakurudi. Nafikiri alijua amekosa, maana wiki ile yote aliongea na sisi kwa upole ambao haukumkaa vizuri, kama shati la kuazima.

Sheria yake kubwa ilikuwa kwamba hafundishi mtoto kuogelea kama mama wa mtoto huyo mwenyewe hajajua kuelea. Wazazi walilalamika. Nani anataka kuvua viatu mbele ya kambi nzima? Baba mmoja aliyekuwa na cheo alimleta mwanawe, akasema mama yake hana nafasi.

"Basi mtoto pia hana nafasi, afande," Sajini akasema.

"Unakataa?"

"Nakataa na heshima, afande. Mtoto akienda chini, nani yuko karibu? Mimi? Mimi iko ng'ambo navuta buveera. Karibu yake ni mama."

Ndivyo na mimi nilivyoingia. Nilikuwa na gauni kuukuu na lesu nimejifunga kiunoni, na maji yakinifika magotini nilikuwa nimeshaomba dua zote ninazozijua, za kwetu na za jirani. Akanilaza chali, kiganja chake kimoja chini ya mgongo wangu. Nikaanza kupiga mikono na miguu.

"Unapigana na nani, mama?"

"Na maji, Sajini!"

"Maji yamekufanya nini?"

"Yanataka kuniua!"

"Hata hayakujui. Lala."

Nikalala. Sijui ni lini alitoa kile kiganja. Niliona mawingu tu, na masikio yalikuwa yamejaa ukimya, na nilipomtafuta alikuwa ameshasimama mbali anamfokea mwingine. Mimi ni mtu ninayejishuku kwa mambo mengi. Kupika najishuku, kulea najishuku, hata maneno haya nimeyafuta na kuyaandika tena. Kwa kuelea sijishuku.

Mume wangu, ambaye ni konstebo, alisikia kwamba kuna mkono chini ya mgongo wa mke wake. Akashuka bwawani na sare yake, kifua mbele.

"Afande Sajini, nasikia unamshika mke wangu."

"Namshika. Mgongo. Unataka kumshika mwenyewe?"

"Ndiyo nataka!"

"Vua viatu."

Mume wangu akavua viatu kwa hasira, akaingia, na maji yalipofika kifuani hasira ikabaki juu ya maji na yeye akaenda chini. Wamama walicheka mpaka wengine wakakaa kwenye tope. Sajini akamvuta kwa ukosi, akamlaza, akaweka kiganja. "Unapigana na nani, konstebo?" Siku hizi mume wangu anasema alikwenda kwa hiari yake kujifunza, na mimi namwacha aseme hivyo.

Lakini mke wa Sajini mwenyewe hakuingia hata siku moja. Alikaa juu ya tuta na mkeka wake, anachambua mboga. "Mimi niliolewa na polisi," alisema, "sikuolewa na samaki." Wajukuu wao walikuwa wanalelewa na huyo bibi, maana mama yao alikuwa anauza samaki huko Ggaba, basi kwa sheria ya Sajini bibi ndiye mama. Kwa hiyo wajukuu wake Sajini walikaa kwenye mkeka wakitazama watoto wa watu wakiogelea, na babu yao hakulegeza. Wengine walimsifu kwa hilo. Mimi nilimwonea huruma yule mjukuu mdogo. Namheshimu Sajini, lakini naandika kwamba nilimwonea huruma yule mdogo.

Kwa upande wa ndege alikuwa na upendeleo wa wazi. Karoli, wale ndege wakubwa wenye upara wanaokula takataka zetu, aliwachukia kama watu. "Toka, wewe hakimu!" aliwapigia kelele, kwa jinsi wanavyotembea wamefunga mikono nyuma. Lakini korongo mwenye taji hakuna aliyeruhusiwa hata kumzomea. "Huyu yuko kwenye bendera," alisema. "Unamtupia jiwe bendera?" Jozi moja ilipoanza kujenga kiota kwenye matete ya upande wa juu, alikata maji katikati kwa kamba yenye jerikeni za njano, na boti zikakatazwa kuivuka mpaka vifaranga watoke. Hata watoto wa wakubwa waligeuzwa kwenye kamba.

Wanafunzi wa chuo kikuu cha Kyambogo walikuwa wakija kutazama ndege na darubini zao. Aliwapenda. Walimfundisha kutofautisha mdiria mmoja na mwingine, naye akawafundisha kupiga kasia bila kujirushia maji. Msichana mmoja akamwambia kwa upole kwamba jozi ya mwaka huu huenda si ile ya mwaka jana. Sajini akamtazama kama aliyetukaniwa ndugu. "Ni hao hao," akasema. "Dume ananijua." Mimi sina la kusema hapo, mimi korongo wote nawaona sawa. Alisema pia kwamba bwawani kuna fisi maji, mnyama wa manyoya anayekula samaki, na kwamba humwona alfajiri. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kumwona. Niliwahi kuona vichwa vya samaki juu ya jiwe, vimetafunwa. Zaidi ya hivyo siwezi kuapa.

Sasa nifike kwenye jambo lililotaka kutunyang'anya bwawa.

Kambini kwetu tarumbeta ya jioni ikilia, bendera inashuka, na kila mtu anasimama. Mwenye ndoo anaitua. Anayesonga posho, yaani ugali wetu, anaacha mwiko sufuriani. Ndiyo maana posho yetu inaungua sana. Mguu sawa, uso kwa bendera, mpaka tarumbeta inyamaze. Hatujaamriwa sisi wake na watoto, lakini mtu ukizaliwa au ukiolewa humo mwili unasimama wenyewe. Na katika kambi nzima hakuna aliyesimama kama Sajini. Ungefikiri amechongwa. Kwa desturi alirudisha boti zote ukingoni mapema, kabla ya tarumbeta, na waogeleaji walisimama kwenye maji ya kiunoni.

Jumapili moja makuruta watatu walichukua boti. Walikuwa wageni, wamekuja kwa mafunzo mafupi, na walitaka picha. Sajini aliwavalisha jaketi za kuelea. Walipofika katikati wakazivua ili sare ionekane. Aliwaita warudi. Wakapunga mikono. Aliwaita tena. Wakawa wanarudi polepole, wakicheka, na tarumbeta ikawakuta huko.

Wakasimama. Wote watatu, kwa pamoja, ndani ya boti nyembamba, mguu sawa. Kuruta bado hajafundishwa mambo mengi, lakini kusimama ameshafundishwa. Na mmoja wao alipoinua mkono kupiga saluti, boti ikapinduka.

Mama Achan na mimi tulikuwa tunasuuza lesu ukingoni. Yeye ndiye aliyeondoka kwanza kwenye mguu sawa, nami nikamfuata. Nasema hivyo ili sifa iende kwake. Mmoja wa vijana alikuwa ameshika boti. Wawili walikuwa wanapiga maji, viatu vya buti vinawavuta. Mama Achan alimfikia wa kwanza kwa nyuma, akampa kofi la kichwa. "Unapigana na nani, wewe? Lala!" Yule kijana, kwa kuwa ilikuwa amri, akalala. Wangu alikuwa ameshakunywa maji mengi. Nilimgeuza, nikampa kiganja mgongoni, nikapiga miguu kuelekea tuta, na kwa mara ya kwanza nikajua mtu mzima ni mwepesi kiasi gani ukimlaza vizuri. Alitapika, akalia, akapona. Wote walipona.

Kabla sijafika ukingoni, nilipoinua uso kutoka majini, ndipo nilipomwona Sajini. Alikuwa juu ya tuta, mkono kwenye kofia, uso kwa bendera, mgongo kwetu. Tarumbeta ilikuwa bado inalia. Mama Achan anasema hakusikia, mpiga tarumbeta alikuwa karibu naye. Mimi naona alisikia. Naona alisikia na mwili ukakataa kugeuka, kwa sababu mwili ule ulikuwa umesimama hivyo tangu ujana wake. Sina hakika. Naandika yote mawili. Tarumbeta iliponyamaza tu, alishuka tuta mbio na kofia ikamwanguka, na hakuirudia.

Mkubwa wa kambi alikuwa mpya kwetu. Kesho yake akatangaza kwamba anafunga: senyenge kuzunguka maji yote, boti ziuzwe, matete yafyekwe, bwawa lirudi kuwa la kuosha magari. Pale ndipo watoto wetu walipokuwa wakijua kucheka. Pale ndipo mtu wa unipoti alipokuwa na kitu ambacho wa Nakasero angekuja kukiona.

Tulikwenda ofisini kwake, wamama wengi, tukasimama chini ya baraza. Sajini alikuwa ameshaitwa, amevaa sare kamili. Mlango ulikuwa wazi, tulisikia kila neno.

"Sajini, ulikuwa wapi?"

"Juu ya tuta, afande."

"Unafanya nini?"

"Mguu sawa, afande. Mgongo kwa maji."

Angeweza kusema aliwaita mara mbili. Angeweza kusema walivua jaketi. Yangekuwa kweli yote. Hakusema. Alisema tu, "Kosa ni la mgongo wangu. Nipe adhabu mimi. Bwawa uache wazi."

"Na nani aliwatoa?"

"Wamama wa kambi, afande."

Mkubwa akatoka nje kututazama. Akanionyesha mimi kidole. "Nani alikupa ruhusa kuacha mguu sawa wakati bendera inashuka?"

Mama Achan akanijibia. "Afande, bendera ilikuwa na mtu wa kuishusha. Yule kijana alikuwa anashuka bila mtu."

Nimtendee haki mkubwa: alijitahidi sana kutocheka. Alirudi ndani, akazungumza na Sajini kwa sauti ya chini, na alipotoka tena alikuwa na amri mpya. Aliye kwenye boti hasimami kwa tarumbeta, anakaa. Na wakati wote watu wakiwa majini, lazima awepo mtu mmoja amekaa juu ya tuta, uso kwa maji, bendera ishuke isishuke. "Siku nikikuta watu majini na tuta halina mtu," akasema, "asubuhi yake senyenge inafika."

"Nitakaa mimi," Sajini akasema.

Akakaa. Hilo ndilo ninalotaka lisomwe polepole. Mtu yule, aliyeipenda bendera kuliko sisi sote, tangu jioni ile aliipa mgongo. Tarumbeta ililia, kambi ikasimama nyuma yake, na yeye peke yake alikaa kwenye kigoda, magoti wazi, macho juu ya vichwa vya watoto wetu vilivyotapakaa majini. Nilikuwa nikimtazama kwa pembeni. Midomo yake ilifuata tarumbeta kimyakimya, mwanzo mpaka mwisho, na mikono yake ilishika kigoda kwa nguvu kama kigoda ndicho kinachotaka kusimama. Afisa mgeni alipita siku moja akamfokea, "Mzee, huna adabu?" Sajini hakugeuka. Mume wangu ndiye aliyemkimbilia yule afisa kumweleza, na yule afisa, nasikia, aliupigia saluti mgongo wa Sajini.

Senyenge haikuja. Miaka ikapita hivyo. Watoto waliofundishwa na mama zao wamekuwa polisi sasa, wengine wako kikosi cha majini, na korongo bado wanatotoa nyuma ya jerikeni za njano. Mtu akistaafu lazima aache nyumba ya kambi, basi na Sajini ilimfika. Alikabidhi kigoda kwangu na kwa Mama Achan kwa zamu, bila hotuba, akaondoka na mke wake kwenda kwa binti yao, yule anayeuza samaki Ggaba.

Mwaka huu nilikwenda kumsalimia. Ilikuwa Jumapili, siku ambayo si zamu yangu. Nilimbebea simsimu ya kusaga, yaani ufuta, na njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno ya kumshukuru, maana hatukuwahi kumshukuru kama inavyotakiwa, na mimi nisipopanga maneno hunitoroka. Nilimkuta kwenye kiti nje ya kibanda cha binti yake, mguu mmoja umekuwa mzito, kwa hiyo haendi mbali. Amepungua. Sauti haijapungua.

"Mama, uko? Kambi iko?"

"Tuko, Sajini. Wote wazima."

"Senyenge?"

"Hakuna senyenge."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Binti yake akaniletea chai. Nikafungua mdomo kuanza maneno yangu.

"Leo ni siku gani?" akaniuliza.

"Jumapili."

"Watu wako kwa maji?"

"Wengi sana."

"Na nani iko kwa tuta?"

"Mama Achan, Sajini. Ni zamu yake."

"Mama Achan ni mzuri. Lakini iko na mdomo. Akipata mtu wa kuongea, shingo inageuka." Akanitazama kutoka viatu mpaka kitambaa cha kichwa. "Wewe unafanya nini hapa?"

"Nimekuja kukuona."

"Umeniona."

"Sajini, hata chai sijanywa..."

"Chai iko kambi. Jua unaiona iko wapi? Tarumbeta italia na wewe iko Ggaba unakula samaki. Nenda! Enda sasa hivi!"

Binti yake akajifunika mdomo na kanga. Nikaweka kikombe chini. Yale maneno yote niliyoyapanga yalibaki tumboni, na nilikwisha kuinuka kabla sijajua nimeinuka. Teksi ya kwenda mjini ilikuwa inaondoka pale juu. Nikavua viatu, nikavishika mkononi, nikakimbia katikati ya mabeseni ya samaki, mimi mwanamke mtu mzima mwenye wajukuu, na watu wa soko wakaanza kupiga kelele, "Mwizi yuko wapi? Mama, umeibiwa nini?"

"Sijaibiwa!" niliwajibu, bila kusimama. "Niko kazini!"